Duka la Mtandaoni: Ufunguo U Mikononi mwa Nani?



Siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka uliopita, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja wa hapa Shimoni alitujia barazani, mkoba wa ukili begani na simu mkononi. Ndani ya mkoba mlikuwa na sabuni za mwani alizozifunga kwa karatasi, moja moja, kwa mkono wake. Aliketi karibu na mama watoto, akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Maalim, duka langu limekufa."

Tulidhani anazungumzia kibanda chake cha kando ya njia iendayo gatini. Akatupa simu. Pale palipokuwa na picha za sabuni, mafuta ya nazi na bei zake, palikuwa na ukurasa mweupe na maneno mawili matatu ya kusema kwamba anwani ile haipatikani. Lilikuwa duka lake la mtandaoni, alilolitegemea kwa miaka miwili. Watalii wanaokwenda Wasini na Kisite walikuwa wakinunua sabuni moja kwake, na wakirudi Nairobi au kwao Ulaya huagiza nyingine. Kutokana na mapato hayo alikuwa akimlipia bintiye karo ya Kidato cha Pili.

Hakuibiwa. Kijana aliyemtengenezea duka alikuwa mwema na kazi yake ilikuwa safi. Lakini jina la duka aliliandikisha kwa jina lake yeye, kwa barua pepe yake yeye, na nywila zote akabaki nazo yeye. Alipopata kazi Ghuba alibadilisha nambari ya simu. Notisi za kulipia ada ya mwaka zikawa zinakwenda kwenye barua pepe isiyosomwa na mtu. Muda ukaisha, duka likafungwa, na orodha ya wateja wapatao 200 ikatoweka pamoja nalo.

Tukiri na letu. Sisi ndio tuliomwelekeza mama huyu kwa kijana yule. Sisi ndio tuliokaa nao siku ya makubaliano, wakapeana mikono mbele yetu, na hapakuandikwa hata mstari mmoja. Nasi kila mwaka tunawasomesha wanafunzi wetu aya ya 282 ya Suratul-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambayo inazungumzia kuandika madeni na kushuhudisha. Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza mafundi wa Ukunda na Diani, tukisoma, na tukipiga hesabu na kina mama wenyewe. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Njia mbili za kuwa na duka

Anayetaka duka lake mwenyewe mtandaoni ana njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni programu iliyokamilika, ambayo kila kitu kimo ndani yake: kurasa, rafu za bidhaa, kikapu cha mnunuzi, hesabu ya mauzo, na mahali pa kuhifadhia vyote hivyo. Unajiandikisha, unalipa kodi ya kila mwezi, unapanga bidhaa zako. Mfano unaojulikana zaidi ni Shopify, kampuni ya Kanada. Waanzilishi wake walifungua duka la mbao za kutelezea kwenye theluji mwaka 2004. Hawakuona programu ya duka iliyowaridhisha, wakajitengenezea ya kwao. Mwaka 2006 wakaifungua kwa wafanyabiashara wengine, na programu ikaishinda biashara ya mbao.

Njia ya pili ni kujenga kwa vipande. Unachukua programu ya msingi ya kutengenezea tovuti, kisha unaongeza vipande ambavyo mafundi huviita plagini: kimoja cha duka, kimoja cha malipo, kimoja cha usafirishaji, kimoja cha ulinzi. Msingi unaotumiwa zaidi ni WordPress, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya sehemu mbili kwa tano za tovuti zote ulimwenguni. Plagini ya duka inayotumiwa sana juu ya msingi huo ni WooCommerce. Ilitolewa mwaka 2011 na kampuni ya WooThemes ya Cape Town, Afrika Kusini, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Automattic ya Marekani. WordPress na WooCommerce zenyewe hazina bei. Unacholipia ni nafasi kwenye seva, jina la tovuti, baadhi ya plagini, na fundi.

Ukiwauliza vijana ipi ni bora, kila mmoja atakusifia ile aliyoizoea. Wazee wetu wanasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi na tuingie.

Nyumba bila kiwanja

Watu wa pwani hatuhitaji kufunzwa na mgeni tofauti ya mwenye nyumba na mwenye ardhi. Katika mitaa mingi ya zamani ya Mombasa mtu alijenga nyumba yake kwa fedha zake juu ya kiwanja cha mwingine, akilipa kodi ya ardhi. Kuta ni zake, bati ni lake, mlango wa kuchongwa ni wake. Ardhi si yake. Huku kwetu Kwale kuna familia ngapi zilizopanda minazi na mikorosho mahali ambapo hati yake haimo kabatini mwao? Tunajua utamu wa kuwa na paa, na tunajua hofu ya barua inayokuja kutoka kwa mwenye ardhi.

Duka la programu iliyokamilika ni la namna hiyo. Bidhaa ni zako, picha ni zako, wateja ni wako. Ardhi ni ya kampuni. Raha yake ni kwamba kampuni ndiyo inayolinda usiku. Umeme ukikatika Shimoni, duka halizimiki. Wezi wa mtandao wakija, walinzi ni wao. Ukitaka kuongeza dirisha, mara nyingi unabonyeza tu. Taabu yake ni kwamba kodi ikipanda huna la kusema, kanuni zikibadilika huna kura, na siku ukihama hubebi nyumba. Shopify, kwa mfano, hukuruhusu kutoa orodha za bidhaa, wateja na oda zako katika majedwali, na hilo ni jambo jema. Lakini sura ya duka na mpangilio wake hubaki pale pale ulipoviacha.

Duka la vipande ni nyumba inayohamishika. Hapa pia unalipia ardhi, yaani nafasi kwenye seva, lakini ukikosana na mwenye seva hii unaifungasha nyumba yote, nguzo na makuti, ukaisimamisha kwa mwingine. Raha yake ni hiyo. Taabu yake ni kwamba paa likivuja, mwenye kupanda ngazi ni wewe. Programu ya msingi husasishwa na mtengenezaji wake, plagini ya duka ina mtengenezaji mwingine, ya malipo ana mwingine. Ikisasishwa moja na nyingine isiendane nayo, kikapu cha mnunuzi kinaweza kugoma siku ya mkesha wa Idi. Na zisiposasishwa, plagini kuukuu ndiyo mlango ambao wezi wa mtandao hupenda kuupitia.

Kwa hiyo swali la kwanza si bei, wala si uzuri wa sura. Swali ni hili: paa likivuja usiku, nani ataamka?

Hesabu ya mwaka

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tupige hesabu kwa mfano, kila mmoja abadilishe tarakimu kulingana na hali yake.

Mpango wa kawaida wa chini wa Shopify umekuwa ukitangazwa Marekani kwa dola 39 kwa anayelipa mwezi kwa mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni shilingi 5,070 kila mwezi, sawa na shilingi 60,840 kwa mwaka. Tukumbuke kwamba Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160. Kwa kiwango hicho, kodi ile ile ya dola 39 ni shilingi 6,240, bila ya mama wa Shimoni kuuza hata kipande kimoja zaidi.

Kuna la pili. Kampuni ile ina huduma yake ya kupokea malipo, lakini huduma hiyo haijafika Kenya. Muuzaji wa Kenya hulazimika kupitia kampuni ya tatu, na kwa sababu hiyo katika mpango wa chini hutozwa asilimia 2 ya kila mauzo, mbali na tozo la hiyo kampuni ya tatu yenyewe.

Tuseme mama anauza sabuni 200 kwa mwezi kwa shilingi 200 kila moja. Mauzo ni shilingi 40,000. Kodi ni 5,070, asilimia 2 ni 800, jumla 5,870. Karibu shilingi 15 katika kila 100 zimeondoka kabla ya kununua mafuta ya nazi na magadi. Akiuza za shilingi 15,000 tu, kodi na tozo hilo ni shilingi 5,370, zaidi ya theluthi ya mauzo. Hiyo si biashara tena, bali ni kumfanyia kazi mwenye ardhi.

Sasa duka la vipande. Tuseme seva, jina la tovuti na plagini moja ya kulipia vinagharimu shilingi 8,000 kwa mwaka, na fundi anakuja mara nne kwa mwaka kukagua na kusasisha, kila mara shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 20,000, theluthi moja ya gharama ya kwanza. Lakini katika hesabu hii pana mstari uliojificha. Duka likilala wiki moja mwezi wa Ramadhani kwa kuwa fundi hapatikani, mama wa mauzo ya shilingi 40,000 amepoteza kiasi cha shilingi 10,000, na wateja wengine hawarudi. Urahisi wa njia hii ni wa kweli kwa mwenye fundi aliye karibu na mwaminifu. Kwa asiye naye, ni urahisi wa karatasini.

Ujumbe wa M-Pesa na ujumbe wa uongo

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, soko letu lote limehamia humo, kutoka muuza samaki hadi mwenye duka la jumla. Duka la mtandaoni kwa wateja wa Kenya lisilopokea M-Pesa vizuri ni duka lenye mlango uliofungwa nusu.

Kuna namna mbili za kupokea. Ya kwanza ni kumwandikia mteja nambari ya til, alipe, kisha akutumie ujumbe wa uthibitisho. Ni rahisi, lakini kila mama muuzaji anajua ujumbe wa uongo: mtu anauandika mwenyewe, unafanana na wa kweli kwa kila herufi, na mzigo unaondoka bila fedha kuingia. Ya pili ni duka lenyewe kuunganishwa na M-Pesa. Mteja akibonyeza kununua, simu yake inamwomba nambari ya siri, akishalipa duka linapata habari moja kwa moja na oda inaandikwa kuwa imelipwa. Safaricom ilifungua njia ya mafundi kuunganisha programu zao na M-Pesa mwaka 2017, kwa jina la Daraja.

Katika duka la vipande, plagini za kuunganisha M-Pesa zipo, na kampuni za malipo kama Pesapal, iliyoanzishwa hapa Kenya, zina plagini zao. Katika duka lililokamilika utatumia zile tu ambazo mwenye ardhi amezikubali. Kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, uliza: M-Pesa itaingiaje hapa, na tozo lake ni kiasi gani? Usiridhike na jibu la "inawezekana". Nunua sabuni moja dukani mwako kwa simu ya jirani, uone fedha zikiingia.

Kwa wale ambao kodi yao ni ya dola, tunatoa tahadhari ya kufaa. Usiingie katika kadi ya mkopo yenye riba kwa sababu ya kodi ya duka. Kadi ya kawaida ya benki inayokata fedha zako mwenyewe inatosha, na tangu mwaka 2022 Safaricom na Visa wameweka kadi isiyo ya kushikika ndani ya M-Pesa ambayo hulipia ng'ambo kutoka salio lako.

Kufuli lililovunjwa

Hapa tunataka kusimama kidogo, kwa sababu tumeulizwa mara kadhaa. Baadhi ya plagini ni za kulipia. Kuna vijana wanaozivunja kufuli na kuzigawa bure, na fundi anayetaka kukufurahisha atakuwekea moja kimyakimya na kukwambia amekupunguzia gharama.

Dada zetu, msikubali. Kwanza, ni jasho la mtu. Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, iliamua kwamba haki za kutunga na kuvumbua, pamoja na majina ya biashara, zina thamani ya mali, zinalindwa kisheria, na haijuzu kuzivamia. Pili, aliyevunja kufuli lile hujui alichokiacha ndani. Wengi huacha tundu dogo, na kwa tundu hilo huchungulia majina na nambari za wateja wako. Huwezi kuanza kutafuta halali kwa kitu cha kunyakua, halafu ukastaajabu kuibiwa.

Amana ya mteja

Mteja anapokupa jina lake, nambari yake ya simu na mtaa anaoishi, amekupa amana. Sheria ya nchi nayo inasema hivyo kwa lugha yake: tangu Novemba 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na iko ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inayopokea malalamiko. Kwa kina mama wanaouziana kanzu, manukato na vitu vya ndani ya nyumba, jambo hili ni zito zaidi. Mwanamke amekuagiza kitu kwa sababu amekuamini wewe, si kwa sababu amemwamini kijana aliyekutengenezea tovuti. Katika njia zote mbili, chunguza ni nani mwengine anayeweza kuifungua orodha ile, na mpunguze asiyehitajika.

Vilevile programu zote mbili zina hesabu ya bidhaa zilizobaki rafuni. Wengi huizima kwa uvivu. Tunawasihi waiwashe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Duka lisilojua kwamba sabuni zimekwisha litauza sabuni zisizokuwepo, nawe utabaki na fedha za watu na visingizio. Kama bidhaa yako hutengenezwa baada ya kuagizwa, isemwe wazi dukani: sifa zake, kipimo chake, bei yake, na siku ya kuipata. Na picha iwe ya bidhaa yenyewe. Sote tumesoma kisa cha muuza nafaka ambaye Mtume alitia mkono wake katika rundo lake akakuta umajimaji uliofichwa chini. Mnunuzi wa mtandaoni hana mkono wa kutia katika rundo. Picha na maelezo yako ndiyo mkono wake.

Funguo nne

Yule mama wa sabuni hakupoteza duka kwa kuchagua njia mbaya. Duka lake lilikuwa la vipande, na lilikuwa zuri. Alilipoteza kwa sababu hakuwahi kushika ufunguo. Tunamjua mwengine wa Msambweni, muuza vikoi na mikoba ya ukili, ambaye amepanga kwenye programu iliyokamilika. Mwaka huo huo alikuwa hospitalini akimuuguza mamake, kadi yake ikaishiwa, kodi ikapita, na duka likafungiwa. Lakini akaunti ilikuwa kwa jina lake. Alipolipa, mlango ukafunguka na kila kitu kilikuwa mahali pake.

Kwa hiyo, uchague njia uichaguayo, funguo nne ziwe kwako.

Wa kwanza ni jina la tovuti. Liandikishwe kwa jina lako na nambari yako ya simu, hata kama anayekwenda kuliandikisha ni fundi. Majina yanayomalizikia na .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa na makampuni mengi ya Kenya kwa ada ndogo ya kila mwaka. Duka likifa na jina likabaki, wateja watakupata tena.

Wa pili ni barua pepe ya duka. Ifunguliwe na wewe, isomwe na wewe, na isiwe ya kijana wala ya mume wala ya kikundi kizima. Notisi zote hufika humo.

Wa tatu ni nywila kuu ya duka na ya seva. Iandike kwenye daftari, daftari liwe sandukuni na hati za nyumba. Fundi mpe ufunguo wake mdogo unaoweza kumnyang'anya.

Wa nne ni nakala. Kila mwisho wa mwezi toa orodha ya wateja, bidhaa na oda, uihifadhi nje ya duka. Asiye na kompyuta anaweza kuituma kwenye barua pepe ya bintiye anayesoma. Ni kazi ya dakika kumi, baina ya Magharibi na Isha.

Kisha andikeni makubaliano na fundi: atafanya nini, kwa bei gani, atakuja mara ngapi, na akisafiri atamkabidhi nani. Mashahidi watie sahihi. Na waume na kaka zetu tuwakumbushe kwamba mali ya mwanamke katika dini yetu ni yake. Bibi Khadija, Mungu amridhie, aliwatuma wanaume na misafara ya bidhaa zake hadi Sham, na mtaji ulibaki kuwa wake. Kumsaidia mkeo kushika simu si sababu ya kuandikisha duka lake kwa jina lako.

Tulipofikia

Tuliombwa tusizunguke, tuseme tunalolishauri. Tunasema hivi.

Anayeanza, asianze na yoyote katika hizo mbili. WhatsApp ya biashara ina orodha ya bidhaa isiyo na malipo, nambari ya til inatosha, na daftari lipo. Uzia humo mpaka oda ziwe nyingi hata daftari lianze kukosea. Hapo ndipo duka linapohitajika.

Aliye peke yake, hana fundi wa karibu, na wateja wake wengi wako ng'ambo wakilipa kwa kadi kwa bidhaa za bei ya juu, apange kwenye programu iliyokamilika. Kodi ni kubwa, lakini ananunua usingizi wake. Ahakikishe tu kwamba mauzo yanaibeba kodi, si kodi kuyala mauzo.

Walio kikundi, wateja wao ni wa Kenya na wanalipa kwa M-Pesa, faida ya kila kipande ni ndogo, na fundi mwaminifu yuko umbali wa matatu moja, wajenge kwa vipande na wagawane gharama. Majirani zetu wa Kibuyuni, ambako kina mama hulima mwani, wakaukausha na wakatengeneza sabuni, wametufunza zamani kwamba kamba moja ya mwani huvutwa na mikono mingi.

Na yule mama? Ramadhani ile aliuza kwa WhatsApp, akianza na wateja 30 hivi ambao nambari zao zilikuwa zimebaki kwenye simu yake. Waliobaki hakuwapata tena. Jina la zamani la duka nalo lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na mtu asiyemjua. Karo ya muhula ule ilichelewa, na bintiye alikaa nyumbani wiki mbili, jambo ambalo hatulisahau kila tumwonapo akipita na mkoba wa vitabu. Baada ya Idi aliungana na wenziwe wawili, mmoja wa Wasini na mmoja wa hapa hapa, wakajenga upya kwa vipande. Makubaliano na fundi wa Ukunda yaliandikwa kwenye karatasi mbili, nasi tukatia sahihi kama mashahidi.

Wiki iliyopita alipita barazani tena. Tulimuuliza duka linaendeleaje. Hakujibu kwa maneno. Alifungua mkoba, akatoa daftari la shule lenye jalada la buluu, akatuonyesha ukurasa wa kwanza: mistari minne, kwa mwandiko wake mwenyewe, na tarehe ya nakala ya mwisho. Kisha akalifunga upesi, akacheka, akasema, "Hata wewe, Maalim, usisome."

Wabillahi tawfiq.